Bado, Anza, Usikose: Uhakiki wa Lugha ya Ushauri wa Dawa za VVU Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Katika hospitali na zahanati za Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo, ushauri wa tiba hutolewa kwa Kiswahili mara nyingi kuliko kwa lugha nyingine yoyote. Sababu yake ni ya kihistoria. Reli, mashamba ya walowezi, na baadaye mashamba ya maua na barabara kuu iendayo Eldoret na Uganda, viliwakusanya mahali pamoja Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluo, Waluhya, Wamaasai na Waturkana. Muuguzi na mgonjwa hukutana bila ya kuwa na lugha moja ya mama, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Lakini miongozo yenyewe ya tiba ya virusi vya ukimwi (VVU) huandikwa kwa Kiingereza: kwanza Geneva na Shirika la Afya Duniani, kisha Nairobi na Wizara ya Afya. Neno linalomfikia mgonjwa, kwa hiyo, limekwisha kupita mikono mitatu, na mkono wa mwisho, ule wa muuguzi au mshauri, hulitunga Kiswahili chake papo hapo.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki utungo huo kama utungo mwingine wowote wa Kiswahili, yaani kuyatazama maneno yaliyochaguliwa, sarufi iliyotumiwa, na maana inayomfikia msikilizaji. Hoja yake ni moja. Ushauri juu ya kuanza dawa na kuendelea nazo umebadilika mara nyingi, na mara nyingi kwa sababu njema. Lakini Kiswahili kilichoupokea kimekuwa cha amri isiyobeba sababu. Amri mbili zisizo na sababu zikigongana, msikilizaji hana njia ya kujua kwamba ya pili imezaliwa na elimu mpya. Huona tu kwamba mmoja wa waliomwamuru amemdanganya. Dawa hii huliwa kila siku kwa maisha yote, na mwenye kushuku ushauri ndiye mwenye kuiacha. Hivyo kosa la lugha hapa hulipwa kwa uhai.

1. Neno "bado"

Hapana budi kuanza na historia fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu asiyeonyesha dalili za ukimwi aanze dawa chembe zake za kinga, zile za CD4, zikishuka chini ya 200 katika kipimo kimoja cha damu. Mwaka 2010 kiwango kikapandishwa kuwa 350. Mwaka 2013 kikawa 500. Mwaka 2015 kikaondolewa kabisa, na kila mwenye virusi akatakiwa kuanza bila ya kungoja. Kenya ilizifuata hatua hizo, na mwaka 2016 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kuwatibu wote. Mtu aliyepimwa Nakuru mwaka 2009 na kuhudhuria kliniki bila ya kukosa aliweza, katika muda wa miaka saba, kusikia majibu yanayopingana kuhusu mwili ule ule.

Jibu la kwanza lilibebwa na neno dogo: "bado". "Bado hujafikia dawa." "CD4 zako bado ziko juu." Katika Kiswahili "bado" hueleza jambo ambalo halijatokea lakini linatazamiwa. Anayeambiwa chakula bado hujua kwamba kitaiva. Hapa, hata hivyo, jambo linalotazamiwa ni kudhoofika kwa mwili, na mgonjwa ametakiwa kulingoja kama angojeaye zamu yake. Papo hapo neno hilo lina sifa ndani yake: asiyefikia dawa ni mzima kuliko aliyefikia. Kwa miaka kadhaa watu wakajifunza kujivunia "kutofikia". Ilipokuja amri ya "anza leo", wengi waliisikia kama habari ya kushindwa, kana kwamba damu yao imeharibika ghafula.

Na sababu ya "bado" ilikuwapo. Dawa za awali zilikuwa na madhara makubwa. Stavudini, mathalani, iliwatia watu ganzi ya miguu na kuwakonda mashavu, hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe pole pole. Dawa zenyewe zilikuwa chache. Nchini Kenya zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mwaka 2006. Sababu ya "anza leo" nayo ipo. Mwaka 2011 uchunguzi uliofanywa kwa jozi 1,763 za wenzi, ambao Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulionyesha kwamba dawa zikianzwa mapema hupunguza kumwambukiza mwenzi kwa asilimia 96. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine, wa watu 4,685 katika nchi 35, ulionyesha kwamba walioanza mapema walipatwa na magonjwa mazito au vifo kwa kiasi kisichofika nusu ya waliongoja. Sababu zote mbili zaweza kuelezwa kwa Kiswahili katika sentensi tatu. Mgonjwa aliyezisikia hana la kugongana kichwani. Asiyezisikia ana amri mbili.

Aidha, haifai kudhani kwamba "subiri" sasa limekuwa neno la uongo. Watu wawili waweza kukaa kwenye benchi moja asubuhi moja, mmoja akaambiwa aanze siku hiyo hiyo, na mwingine, mwenye homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, akaambiwa angoje wiki nne hadi sita. Uchunguzi wa Uganda na Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuharakisha dawa za VVU kwa mgonjwa wa namna hiyo huongeza vifo, kwa kuwa kinga inayoamka ghafula huleta uvimbe mahali ambapo uvimbe huua. Mwenye kifua kikuu naye hutangulizwa kwenye dawa za kifua. Wawili hao wakikutana nje na kulinganisha walivyoambiwa, kila mmoja atakuwa na haki ya kushuku, endapo hakupewa ila amri.

2. Jina la dawa

Jina lililoenea sana nchini Kenya ni "dawa za kupunguza makali ya ukimwi". Tanzania ilizoea kwanza "dawa za kurefusha maisha", kisha "dawa za kufubaza virusi". Kila jina ni hoja iliyofichwa. Makali ni sifa ya kisu, na kwa mfano huo, sifa ya maumivu. Asiyeumwa hana makali ya kupunguziwa. Jina hilo lilimfaa mgonjwa wa mwaka 2003 aliyefikishwa hospitali amebebwa. Halimfai mchuma maua wa Naivasha aliyepimwa leo naye ana nguvu za kufanya kazi kutwa. Tena linasema ukimwi, ambao ni ugonjwa, badala ya virusi, ambavyo ni chanzo. Na kwa hiyo humwita mgonjwa wa ukimwi mtu ambaye huenda hataugua kamwe akila dawa zake. "Kurefusha maisha" nako kunadokeza maisha yaliyokuwa yamekatika, yakaungwa kwa muda.

"Kufubaza" kuna nafuu. Rangi iliyofubaa haijaondoka nguoni. Imepoteza nguvu yake. Neno hili huelekeza kazi ya dawa mahali pake, yaani kwenye virusi vinavyozuiwa visizaane, nalo halidai kwamba vimetoka. Ingefaa wasemaji wa Bonde la Ufa waliazime, kwa kuwa mipaka ya nchi si mipaka ya istilahi.

Nyuma ya jina lolote kuna jambo jingine. Kwa msemaji wa kawaida dawa ni kitu kinachokwisha. Dawa ya malaria humalizwa kwa siku tatu. Ya kifua kikuu, kwa kawaida, kwa miezi sita. Na onyo la kliniki kwa miaka mingi limekuwa "maliza dozi". Kisha akaletewa dawa isiyokuwa na kumaliza. "Utakula maisha yote" ni kauli iliyo karibu mno na "kifungo cha maisha", na masikio huisikia hivyo. Mfano ulio bora uko karibu: wenye kisukari na wenye shinikizo la damu nao hawamalizi dozi, wala hakuna anayewaita wafungwa.

3. "Havionekani"

Mfano wa tatu ni wa sarufi. Dawa zikifanya kazi, virusi hupungua damuni hata kipimo kisiweze kuvihesabu, na mwenye hali hiyo ikidumu hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hii ni mojawapo ya habari njema kuu za tiba hii. Mgonjwa huelezwa kwa neno moja: "havionekani".

Kitenzi hicho kiko katika kauli ya kutendeka, nacho kinaeleza kisichowezekana kwa jicho, si kisichokuwapo. Lakini matumizi ya kila siku ni mengine. Jirani akiulizwa habari za mtu akajibu, "Siku hizi haonekani," maana yake ni kwamba amehama, amepotea, hayupo. Basi anayeambiwa virusi vyake havionekani husikia kwamba vimeondoka. Na vikiondoka, dawa ni ya nini? Daktari ametoa sababu ya kuendelea, mgonjwa amepokea sababu ya kuacha, na wote wawili wamesema Kiswahili sanifu.

Wazo la kupumzika halikuwa la wagonjwa peke yao. Wapo wataalamu waliodhani kwamba mtu mwenye kinga nzuri angeweza kusimamisha dawa ili mwili upumue. Uchunguzi mkubwa wa watu 5,472 ulilipima wazo hilo, na mwaka 2006 ukasitishwa, kwa sababu waliopumzika waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea. Habari hii haina budi kuwemo katika ushauri, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba "endelea" si neno la ukaidi. Na sentensi inayotakiwa si ndefu: "Virusi vimepungua hata kipimo hakivioni, vimejificha mwilini, navyo vitarudi dawa ikikoma."

4. "Usikose hata siku moja"

Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipamba moto Nakuru na Naivasha. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru na vituo vingine vya wakimbizi wa ndani. Walikuwamo waliokuwa wakila dawa za VVU, ambao vidonge na kadi zao za kliniki vilibaki katika nyumba zilizochomwa, au ambao hawakuweza kuvuka mtaa mmoja kuifikia zahanati iliyokuwa upande wa pili. Walikuwa na ushauri mmoja tu walioukariri: "Usikose hata siku moja."

Kauli hiyo ni ya kukataza, nayo haina sharti. Haina "-ki-" wala "-kisha-": haisemi ukikosa ufanye nini, wala ukiisha kukosa urudi vipi. Kwa aliyekwisha kukosa wiki mbili imekwisha kazi yake. Imebaki kuwa mashtaka. Mtu wa namna hiyo huamua ama kwamba dawa imekwisha haribika mwilini na haina haja ya kurudiwa, ama kwamba akirudi atakemewa. Yote mawili humweka mbali na mlango wa kliniki. Ushauri ulio kamili ungesema: "Ukisahau, meza ukumbukapo, isipokuwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, usimeze viwili pamoja. Ukikosa mwezi mzima, njoo vivyo hivyo." Hapa kiambishi kimoja cha masharti kina thamani kuliko mabango kumi.

Wala ghasia si sababu pekee. Dereva wa lori alalaye Salgaa, mfugaji wa Baringo afuataye malisho, na kibarua ahamaye na msimu, wote hukosa siku kwa sababu zisizo za uzembe. Hata dola hukosa. Mapema mwaka 2021 shehena ya dawa ilikwama katika bandari ya Mombasa kwa mzozo wa ushuru na usambazaji, na wagonjwa waliozoea kupewa za miezi mitatu wakapewa za muda mfupi. Amri ya kutokosa ilikuwa ile ile.

Mwisho wa lugha ya amri ulionekana kaskazini-magharibi, Kapsabet, mwaka 2010. Wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walifikishwa mahakamani, wakahukumiwa kukaa gerezani miezi minane, wakala dawa zao humo katika msongamano wa wafungwa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kifungo hicho kilikiuka Katiba. Ugonjwa ulikuwa mwingine, lakini mantiki ni moja: ushauri ukiwa amri, aliyeacha dawa huwa mhalifu, na hakuna anayemwuliza kwa nini aliacha.

5. Washindani wa kliniki

Haifai kuhukumu masikio ya watu bila ya kukumbuka yaliyokwisha kusikia. Mwaka 1990 Kenya ilitangaziwa kwa shangwe dawa iitwayo Kemron, iliyotoka katika taasisi ya utafiti ya taifa. Majaribio ya baadaye hayakuona faida yake. Mwaka 1996 ikavuma Pearl Omega, nayo haikuthibitishwa. Sauti iliyosema "dawa imepatikana" ilikuwa ya wakubwa, sawa na ile iliyosema baadaye "bado", kisha "anza". Ushauri wa kweli umekuja kwa mavazi yale yale ya ushauri uliowahi kuwa wa uongo.

Mwaka 2011 umati wa watu, Wakenya wakiwamo, ulimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wapo walioacha dawa za VVU baada ya kunywa. Ni rahisi kuwalaumu kwa methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mhakiki hana budi kulinganisha tungo mbili. Ya kliniki ilikuwa katika wakati usiokoma: unaendelea, utakula, usikose. Ya Loliondo ilikuwa katika wakati timilifu: umekunywa, umepona. Ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, ilikuwa hadithi. Kliniki haikuwa na hadithi ya kushindana nayo, ingawa ilikuwa na kweli.

Fasihi andishi nayo haikusaidia vya kutosha. Tamthilia kama Kilio Chetu na Orodha humtazama zaidi kijana aliye katika hatari ya kuambukizwa, au jamaa waliokusanyika baada ya msiba. Kati ya hatari na msiba pana miaka thelathini au arubaini ya kumeza kidonge, kulea watoto na kuzeeka. Kipindi hicho, ambacho ndicho maisha halisi ya Wakenya zaidi ya milioni moja, hakijapata msimulizi wa kukitosha.

6. "Usitumie" na "chagua"

Ugomvi wa shauri ulio mkali kuliko yote ulikuja mwaka 2018. Dolutegraviri, dawa iliyo bora na yenye madhara machache, ilikuwa imeanza kutolewa Kenya. Mwezi Mei habari zikatoka Botswana: kati ya watoto 426 waliozaliwa na mama walioshika mimba wakiitumia, 4 walikuwa na kasoro ya uti wa mgongo na ubongo, yaani karibu mmoja katika mia. Wanawake wa umri wa kuzaa wakazuiwa, wengine wakarudishwa kwenye dawa za zamani. Julai mwaka huo huo wanawake wa Afrika wenye VVU walikutana Kigali wakadai waelezwe hatari hiyo na waachiwe uchaguzi. Hesabu za Botswana zilipoendelea, zikawa 5 kati ya 1,683 mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani likaikubali dawa hiyo kwa wote, na miaka iliyofuata tofauti ikatoweka.

Hapa linaonekana jambo ambalo "bado" na "anza" zilikuwa zimelificha. Walioamuru "usitumie" hawakuwa na uhakika. Walikuwa na watoto wanne. Wanawake wa Kigali hawakudai uhakika usiokuwapo. Walidai wapewe hesabu yenyewe na shaka yake, kwa lugha ya mtu mzima kwa mtu mzima. Sentensi yao ingeweza kusemwa katika zahanati yoyote ya Nakuru: "Pana hatari ndogo ambayo bado inachunguzwa, dawa nyingine ina madhara haya, ukitaka kuzaa au usipotaka, chagua."

7. Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba kliniki zimejaa, muuguzi ana dakika chache, na sababu nyingi humchanganya mgonjwa. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya urefu na ukamilifu. Sentensi zilizopendekezwa hapa ni fupi. Kilichoongezwa ni "kwa kuwa", "-ki-" na "zamani ilidhaniwa, sasa imeonekana". Na hicho cha mwisho ndicho kinachomfanya mgonjwa ayapokee mabadiliko ya kesho bila ya kuhisi amesalitiwa. Kwa maana ushauri utabadilika tena.

Haja hii imekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Wahudumu wengi waliolipwa kwa fedha hizo walipoteza kazi, na kliniki za VVU zikaanza kuunganishwa na huduma za wagonjwa wa kawaida. Waliopungua ni wale wale washauri waliokuwa wakiutafsiri mwongozo kwa mdomo, kila mmoja kwa ustadi aliojipatia mwenyewe. Ustadi huo haukuandikwa. Idara zinazofundisha Kiswahili, ikiwamo ile ya Chuo Kikuu cha Egerton kilichopo Njoro, mwendo mfupi kutoka hospitali ya rufaa ya Nakuru, zina kazi iliyo wazi: kuwatafuta washauri hao wangali wakikumbuka, kuzikusanya sentensi zilizowafaa na zilizowapotosha, kuzipima kwa wagonjwa wenyewe, na kuzikabidhi Wizara pamoja na mwongozo wa Kiswahili ulioandikwa tangu mwanzo kwa Kiswahili.